Milima Miwili na Jua Katikati

Mwalimu wetu wa sanaa anaamini kila mtoto amezaliwa na kipaji, ilimradi kipaji hicho kifanane na sampuli aliyobandika ubaoni.

Sampuli yenyewe unaijua hata kama hujasoma kwetu Kiseke. Milima miwili yenye ncha, jua linachungulia katikati, kibanda cha nyasi, mnazi, na ndege wanaofanana na alama za vema. Tumeichora tangu chekechea. Sasa chungulia dirisha la darasa letu: mlima wenye ncha huoni hata wa dawa. Unaona mawe. Mawe makubwa kuliko nyumba, yamebebana mgongoni, mbuzi wamelala juu, mihogo imeanikwa, mashuka ya watu yanakauka. Mnazi ukiutaka, jiandae kwa safari.

Mwaka huu shule ilipata rangi, ikaamuliwa ukuta wa bwalo unaotazama barabara upambwe. Likatangazwa shindano la ubunifu: mwenye mchoro bora ndiye ataupaka. Mwalimu akasisitiza tuwe wabunifu, halafu akaonya kwamba atakayetoka nje ya sampuli atapata sifuri. Nilicheka. Nikatumwa kuokota taka.

Mimi ukuta huo sikuwa na haja nao. Kipaji changu kinaishia kwenye kuchorea watu masharubu vitabuni. Anayejua kuchora ni msichana ninayekaa naye dawati moja. Huyo aliutaka ukuta ule kama mwenye njaa anavyoutaka ugali. Kila mapumziko alisimama mbele yake akiupima kwa mikono. Alichora mawe yetu, juu yake mama anageuza mihogo, ziwa kwa chini. Ukimtazama yule mama, unajua kabisa mgongo unamuuma.

Mwalimu aliutazama mchoro huo muda mrefu kuliko mingine yote. Akakiri kwamba mkono anao. Ila mawe, akasema, tunayaona kila siku. Nani atasimama barabarani ashangae mawe? Ukuta akampa, na brashi juu, kwa sharti apake milima miwili.

Nilimnong'oneza akubali, kisha achomeke mbuzi mmoja kileleni, nani atajua? Akili yangu ndipo ilipofikia.

Yeye alibaki ameshika brashi, anaitazama sampuli.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Hiyo milima mimi sijawahi kuiona. Naomba apake aliyeiona."

Akairudisha brashi mezani.

Aliyeiona hakupatikana, kwa hiyo mwalimu akapanda meza akapaka mwenyewe. Milima ikatoka kama masikio ya punda, na jua katikati kama chapati iliyoungua. Wageni walipokuja kutembelea shule walipiga picha hapo. Mmoja wao, mzaliwa wa hapahapa, akauliza kama hiyo ni Arusha. Mwalimu alifurahi mpaka akasahau kujibu. Siku hizi kidato cha kwanza wanatolewa nje na viti vyao, wanaupa mgongo mlima wa mawe, wananakili masikio ya punda kwenye madaftari. Ubunifu unaendelea.

Nilimwigizia mwenzangu wa dawati yote hayo nikitegemea atacheka. Hakucheka.

"Kwako ni mchezo," akaniambia. "Ukuta ule ulikuwa mkubwa. Mimi sijawahi kuchora kwenye kitu kikubwa kuliko karatasi."

Nikamsogezea nafasi kwenye dawati, akaendelea kuchora nyuma ya daftari la hesabu, mawe madogo kama mbegu za maharage.