Mwanamke Aliyeinuka Kwenye Karai

Kule Tabaka, kijiji cha mawe ya sabuni, mwanamume huchonga na mwanamke husugua. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, wala hakuna chifu aliyeitangaza, lakini nenda leo ukajionee. Wanaume wameketi juu ya vifusi vya mawe, vishoka mkononi, wanabishana siasa. Wanawake wako upande wa pili, wamenyoosha miguu, kila mmoja na karai lake la maji, wanasugua kwa msasa kile ambacho mwanamume amekimaliza na kukisukuma kwao. Jiwe husuguliwa likiwa na maji ili vumbi lisiruke. Wageni husifu ulaini wake, na kweli ni laini, unaweza kulikwaruza kwa ukucha. Ila msasa haujui jiwe linaishia wapi na kidole kinaanzia wapi, na baada ya miaka michache mwanamke wa karai hana ngozi ya kusema ni yake.

Mimi naitwa Janat, au Mama Hafiz kwa jina la mwanangu. Nina duka la vyombo mjini Kisii, la masufuria, glasi na vitu vya mawe kutoka Tabaka: mabakuli, sahani, visahani vya sabuni. Sanamu siuzi. Mume wangu Farah hataki kuziona dukani, na kwa hilo sijawahi kubishana naye, twiga na vifaru wamejaa kila kona ya mji huu hata hivyo. Kwa hiyo Tryphosa, mmoja wa wale wanawake wa karai, nilimjua kwa mabakuli, na nilimjua kabla watu hawajaanza kumwita shujaa. Nayasema haya mapema kwa sababu hadithi yake hupenda kusimuliwa kwa utamu, na mimi utamu huo umenitoka.

Alisugua kwa zaidi ya miaka thelathini. Mumewe, Makori, alikuwa mchongaji mzuri na mtu mpole, sina neno baya juu yake. Kisha sukari ikampanda, macho yakaanza kufifia. Mwanzoni Tryphosa alimrekebishia mdomo wa bakuli uliokwenda upande. Halafu akawa anamrekebishia tumbo la bakuli. Mwishowe Makori alikuwa anaketi tu juani, na wanunuzi tukifika anawekewa kishoka mapajani, mkewe anarudi haraka kwenye karai. Tukamsifu mzee kwamba mkono wake bado una nguvu. Makori alikuwa anacheka kidogo na kunyamaza.

Nilikuja kuujua ukweli siku moja nilipofika bila kutoa habari. Nilimkuta Tryphosa mwenyewe ameshika kishoka, uso mweupe kwa unga wa jiwe, na Makori amelala kando yake juu ya gunia. Aliponiona alikificha kile kishoka chini ya sketi kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari.

“Usiseme, Mama Hafiz,” akaniambia. “Watu watamuona aje?”

Nikamwambia mdomo wangu hautafunguka. Nikamuuliza kama kazi hiyo haimchoshi, pamoja na kusugua, na kupika, na kumwongoza mtu chooni.

“Nikishika hii kitu nasahau kula,” akasema. Alisema kwa aibu, macho chini, na nikamwona msichana ambaye sikuwahi kukutana naye.

Makori alipofariki, ndugu yake Ogeto alikuja baada ya mazishi akakusanya vishoka, patasi na tupa, akaviweka guniani. Vifaa vya mwanamume huenda kwa wanaume, ndivyo ilivyo, na hakuna aliyeona haja ya kumuuliza mjane. Walidhani atarudi kwenye karai amsugulie Ogeto mawe. Badala yake Tryphosa alikwenda soko la Daraja Mbili huku mjini, akamtafuta fundi wa chuma, akatengenezewa kishoka kutokana na springi ya gari kuukuu. Akarudi nacho kwake Tabaka, akaketi mbele ya jikoni lake, mchana kweupe, akaanza kupiga jiwe. Alikuwa anakaribia kufika miaka sitini.

Walimsema. Kanisani kwao Sabato waliulizana kama msiba umemgusa kichwa. Machimboni walikataa ashuke shimoni, wakasema mwanamke akishuka ukuta utaanguka, kana kwamba kuta hazijaanguka miaka yote na wanaume ndani yake. Wakamuuzia mawe waliyoyatupa, yenye nyufa. Tryphosa akajifunza kuzisoma nyufa hizo. Anageuza jiwe, anapigapiga, anasikiliza, halafu anachonga bakuli likifuata ule ufa hadi ufa unaishia mdomoni na kuondoka na vipande. Mabakuli yake yalikuwa membamba kuliko ya mtu yeyote pale. Unaliinua moja dhidi ya dirisha, mwanga unapita.

Nilifurahi kwa ajili yake, na sisemi hivyo kwa adabu. Mimi pia nimeshinda maisha yangu nyuma ya kaunta ambayo jina lililoandikwa juu ya mlango wake ni la mume. Nilipopata oda ya mama mmoja wa Homa Bay mwenye gesti, aliyetaka mabakuli makubwa ya kupakulia na mengine madogo ya mchuzi, sikumpelekea Ogeto. Nilimpelekea Tryphosa. Akanishika mikono yote miwili. Akasema oda hiyo ikitoka vizuri hakuna mtu Tabaka atakayemwita tena mke wa mchongaji.

Hapo ndipo palipokwama, na si kwa wanaume.

Mchongaji hawezi kuchonga oda kama ile na kuisugua mwenyewe. Bakuli moja kubwa linakula nusu siku kwenye maji, msasa wa kukwaruza kwanza, kisha wa kati, kisha ule laini. Kwa hiyo tulikwenda pamoja kwa wale wanawake aliokaa nao miaka yote. Tulimwendea kwanza Mong'ina, rafiki yake wa karai kwa karai, waliobebeana watoto na kuzikiana wafu wao. Tryphosa alimwekea bakuli mbele yake, taratibu, akamweleza.

Mong'ina hakuligusa.

“Nisugue yako?” akasema. “Mimi nasugulia wanaume kwa sababu iko hivyo, niliikuta hivyo. Lakini wewe, Tryphosa, tumekaa hapa mimi na wewe mpaka miguu ikakufa ganzi pamoja. Leo unataka niwe chini yako?”

“Nitakulipa vile Ogeto anakulipa. Hata nitaongeza.”

“Yaya,” akakataa kwa Kigusii. “Si pesa.”

Akainamia karai lake akaendelea na kifaru cha Ogeto. Wengine walikuwa wanasikiliza, na hakuna aliyeinua kichwa. Tuliondoka na bakuli letu. Nilimhurumia Tryphosa siku hiyo kuliko siku alipomzika mumewe, maana mumewe hakuchagua kuondoka.

Njiani nikamwambia lililokuwa wazi kwangu. Nikamwambia awaite wale wanawake awafundishe kuchonga. Wawe watatu, wanne, wachonge kwa zamu na kusugua kwa zamu. Mong'ina hakatai kusugua, anakataa kuachwa nyuma.

Tryphosa alisimama katikati ya barabara. Alinitazama kama nimemtukana.

“Mama Hafiz, nimengojea hii kitu maisha yangu yote,” akasema. “Sasa nimeipata jana, leo nigawe?”

Ningekuwa mimi, labda ningesema hivyo hivyo.

Basi akamgeukia Drusilla. Huyu ni mke wa mwanawe, Haron, ambaye ni askari wa usiku Nairobi na huja Disemba. Drusilla alikuwa akiishi pale bomani na watoto wake wawili, na mwaka huo alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ufundi cha kijiji ajifunze ushonaji. Alishanunua tepu ya kupimia. Nilimwona akiwapima watoto kwa mchezo, mabega, kiuno, akijisemea namba kwa sauti kama mwalimu. Tryphosa akamwambia amalize kwanza oda hii moja, chuo hakihami. Mkwe gani wa Tabaka atamwambia mama wa bwana yake hapana? Drusilla akalichukua karai, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, mahali ambapo mpita njia haoni.

Oda ilitoka vizuri. Ilitoka vizuri sana, na hilo ndilo lililomponza Drusilla. Yule mama wa Homa Bay alileta wenzake. Muhula ukapita, ukaja mwingine. Kila nikifika Tabaka namkuta Tryphosa mbele ya jikoni, mgongo umenyooka, anaimba, amepungua miaka. Nikizunguka nyuma namkuta Drusilla majini, kimya, vidole vimepasuka kwenye viungo na kuvimba, maji ya karai yana wekundu kidogo. Niliwahi kumtajia Tryphosa vile vidole. Alinyoosha vyake akanionyesha, laini na vyeupe kama sabuni iliyoisha.

“Mikono yangu nani aliiangalia?” akauliza.

Mwezi Machi, siku ya wanawake, wakubwa wa kaunti walimpandisha jukwaani hapa mjini. Wakamvika leso mpya, wakampa thamosi, na kijana mwenye maikrofoni akamwita mwanamke aliyeanza upya wakati wenzake wanaanza kuzeeka. Kila neno lilikuwa kweli. Kisha akamuuliza, “Mama, nani alikushika mkono mpaka ukafika hapa?”

“Hakuna,” akasema Tryphosa. “Ni mimi na Mungu.”

Watu wakapiga makofi. Drusilla alikuwa ameketi karibu nami kwenye viti vya plastiki, yeye ndiye aliyebeba kreti la mabakuli kutoka stendi. Naye alipiga makofi. Alipiga kwa viganja tu, pale karibu na kifundo cha mkono, vidole amevikunja nyuma visiguse kitu. Mimi sikupiga. Farah aliponiuliza nyumbani ilikuwaje, nilimjibu vibaya bila kosa lake.

Wiki iliyofuata Drusilla alikuja dukani na mkoba na watoto.

“Mama Hafiz, nipe kazi yoyote,” akasema. “Yoyote isiyokuwa na maji.”

Nilimpa. Kuna chumba nyuma ya stoo, nikawatandikia. Nikamweka kaunta ya glasi, azifunge kwa magazeti na kuwahudumia wateja. Nilijua ninachofanya na nilijua nani angekuja.

Alikuja baada ya wiki kadhaa, amevaa ile leso ya jukwaani. Hakunisalimia.

“Umenichukulia mikono, Janat,” akasema. Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. “Mawe imejaa hadi dirishani, imechongwa yote, hakuna hata moja imesuguliwa. Yule mama wa gesti anapiga simu kila siku. Mong'ina na wenzake wanapita hapo kwangu wakicheka. Nikianza kusugua mwenyewe, nitakuwa nimerudi nilikotoka, na mwaka mmoja tu watasahau kama niliwahi kuchonga. Unataka hivyo?”

“Sitaki hivyo,” nikasema. Na sikutaka. Lakini nilimwonyesha kwa kidevu kule aliko Drusilla.

Drusilla alikuwa ameweka glasi chini. Tryphosa alimwendea, na nilidhani atamgombeza. Hakumgombeza. Aliuchukua mkono wake wa kulia, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, akavikagua vidole kimoja baada ya kingine, akipitisha kidole gumba chake kwenye viungo, taratibu, jinsi anavyokagua bakuli. Mipasuko ilikuwa imefunga. Ngozi mpya ilikuwa imeota, ya waridi.

“Imepona,” akasema, na sauti yake ilikuwa na upole wa kweli, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. “Sasa unaweza kurudi.”

Drusilla alimtazama usoni.

“Nitarudi, mama. Leo hii nitarudi. Lakini unifundishe kuchonga.”

Nilimwona Tryphosa akilifikiria. Naapa alilifikiria, nilimwona macho yakienda mbali, na kwa muda huo mfupi niliamini kwamba mtu aliyeficha kishoka chini ya sketi hawezi kumkatalia mwingine. Mkono wa Drusilla bado alikuwa ameushika.

“Na ukichonga,” akauliza, si kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuambiwa, “nani atasugua?”

Drusilla akauvuta mkono wake, akachukua gazeti, akaendelea kufunga glasi. Tryphosa alibaki amesimama palepale, anamtazama yeye, kisha ananitazama mimi, anangoja tumjibu. Alisimama muda mrefu, hadi ikanilazimu kumwomba asogee kando kidogo, maana kulikuwa na mteja nyuma yake.