Mkulima wa Ulezi na Fainali ya Wanawake

Niliingia Sumbawanga juu ya lori la chumvi. Treni ilinishusha Mpanda, nikadhani nimefika. Kumbe safari ilikuwa bado. Barabara ya msituni ilitushika kwenye matope, na mbung'o walituuma hata juu ya shati. Tulipoanza kupanda uwanda wa Ufipa, baridi ikatunyamazisha sote. Niliteremka Mazwi, katikati ya mji, nikiwa mweupe kwa chumvi, na simjui mtu.

Biashara zilikuwa zimefunguliwa kwa watu binafsi miaka kadhaa nyuma. Mama mmoja aliyekuwa akileta vitenge kutoka Tunduma alikuwa amenunua dishi na kufungua banda la video. Akanipa kazi ya kulielekeza dishi na kutafsiri maneno ya watangazaji, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne.

Siku moja alikuja mkulima wa ulezi ambaye siku za soko huegesha baiskeli kwetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia wanawake wa Ulaya nao wana fainali."

"Ndiyo, ya vilabu. Jumamosi mchana."

"Nitakuja."

Binti yake alikuwa amechaguliwa na mwalimu kwenda Mbeya, kwenye timu ya wasichana. Shangazi wa binti alikataa katakata: mpira hufunga uzazi. Mzee hakukubali wala hakupinga. Alitaka kwanza aone kwa macho yake, kama mtu anavyokwenda kulitazama shamba kabla hajalipa.

Jumamosi alikaa benchi la mbele, kofia magotini. Vijana nyuma wakaanza.

"Mzee, umekuja kuchagua mchumba?"

"Nilishachagua. Yuko nyumbani anapalilia. Wewe wako yuko wapi?"

Banda zima likacheka, na kijana mwenyewe pia. Mpira ulipopamba moto, kelele zikabadilika. Beki mmoja aligongana kichwa na mwenzake, akafutwa damu usoni, akarudi uwanjani akikimbia. "Mwanaume huyo!" mtu akapiga kelele. Mzee akaniinamia.

"Hawa wanazaa?"

"Sijui, baba."

"Anayetangaza hasemi?"

"Anasema mpira tu."

Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Tangu hapo na mimi nikawa siangalii goli. Namwangalia kila mchezaji, nikiwaza nyumbani kwake kuna nani.

Filimbi ya mwisho ilipopigwa, washindi wakazunguka uwanja. Yule beki akaenda jukwaani akapewa mtoto mdogo, akambeba ubavuni.

"Wa dada yake huyo," mmoja akasema.

"Umejuaje, mshikaji? Wewe shemeji yao?"

Mzee akasimama, akasogea hadi kwenye televisheni, akawaziba wa nyuma. "Kaa chini, mzee!" Hakusikia. Mtoto alikuwa amechoka. Akaingiza mkono kwenye ukosi wa jezi, akitafuta titi. Yule beki akautoa huku akiwapungia watu, bila hata kuutazama. Mtoto akauingiza tena. Akautoa tena.

"Anamwachisha ziwa," mzee akasema.

Mama mwenye banda akapiga makofi. "Wa kwake huyo! Wangu alinisumbua vilevile."

Mzee akavaa kofia, akatoka kwenda kwenye baiskeli yake.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuisikia barabara ikiniita, kama kawaida yangu. Asubuhi niliyoondoka Sumbawanga moja kwa moja, niliwakuta kituo cha basi: mzee, binti na begi lake, na shangazi aliyekuwa bado hajashindwa.

"Ukikosa wajukuu usije kunililia!"

"Wajukuu nitamdai mwenyewe, dada. Sitaudai mpira." Akamgeukia binti. "Panda, mama. Huyu kaka ndiye wa banda la video, anateremka Mbeya pia."

Tulikaa viti vya jirani. Basi lilipouacha mji, binti akanigeukia kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, kaka. Baba amenisimulia mtoto tu, kila siku mtoto. Mpira wenyewe ulikuwaje?"

Nikaanza kumweleza tangu filimbi ya kwanza.