Unga wa Ndagala

Mama Pascasie hakula tena samaki tangu ziwa lilipomchukua Wilfried, kitinda mimba wake, katika mashua ya kwenda Moba, na mwili usionekane. "Nani anajua hao ndagala wamekula nani?" alisema siku matanga yalipoondolewa. Lakini Kalemie mtu akikataa samaki, anabaki na nini? Ndipo Evodie, mke wa kaka yake Wilfried, akajifunza kumpikia mkwewe supu: karoti, shu, yaani kabichi, maharage, nyanya na selari, na makaroni ya kuipa uzito.

Hata hivyo kikongwe alizidi kupukutika. Alionja kidogo, akasukuma bakuli.

"Evodie, mama mukwe wako amebaki mifupa," alimtania jirani yake, Yvette, alipokuja kuomba kaa la moto. "Watu watasema nyama unakula weye, yeye unamupatia moshi."

Evodie alicheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba. Yvette alipoondoka, vitunguu vikiwa vinakaangika juu ya mbabula, jiko lake la makaa, alichukua ndagala wakavu, dagaa wa ziwa lile lile, akawatwanga hadi wakawa unga, akaumwaga sufuriani haraka kama mtu anayeiba nyumbani kwake mwenyewe. Selari itaficha harufu, alijiambia.

Mama Pascasie alimaliza bakuli, akaomba jingine. Jasho lilimtoka puani, jasho la mtu aliyeshiba.

"Leo njo umepika," alisema. "Mungu akubariki, mwanangu. Nikimukuta Wilfried kule, nitamwambia ulinitunza vizuri."

Baraka ile ilimchoma Evodie kuliko tusi. Alisugua sufuria, akasugua na kinu, na bado aliisikia harufu ya ziwa vidoleni mwake.

Kesho yake hakuthubutu tena. Alipika mboga na makaroni tupu. Mkwe alionja, akaweka kijiko chini.

"Hapana. Nipe ile ya jana."

Uongo ulikuwa tayari ulimini: selari imekosekana sokoni, Mama, subiri kidogo. Lakini kikongwe alikuwa akimtazama kwa matumaini, kama mtoto anayengoja kupakuliwa, na Evodie akashindwa.

"Mama, jana niliweka ndagala. Niliwatwanga ili usiwaone."

Mama Pascasie hakupaza sauti. Alishika ukuta, akatoka uani, akaomba maji. Evodie alimshikia jagi. Kikongwe akasukutua, akatema. Akasukutua tena, akatema, kana kwamba chakula cha jana kilikuwa bado mdomoni. Evodie alimimina bila kumtazama usoni. Aliyaangalia maji tu, yakinywewa na vumbi.

"Mama, nisamehe. Niliogopa utakufa mikononi mwangu."

"Ilikuwa tamu," kikongwe alisema, sauti ikimvunjika. "Njo hiyo inaniuma. Nilikula, nikaomba ingine."

Evodie aliweka jagi chini. Alikuwa amedhani amejibebesha dhambi peke yake, kumbe nusu yake alimtwisha mama wa watu.

Waliporudi ndani, Mama Pascasie alivuta bakuli la supu ile isiyo na ladha, akala makaroni moja baada ya lingine, bila hamu, mpaka bakuli likawa tupu. Evodie hakujua kama huo ulikuwa msamaha au adhabu, wala ni nani kati yao aliyekuwa akiadhibiwa.

"Ongeza," kikongwe alisema.

Evodie akashika upawa.