Ngano na Mabinti wa Mama Apondi

Selpha hakuwa mtu wa kutulia. Katika kibanda chake cha kushonea karibu na mtaa wa West Indies, alishona nusu ya kola, akainuka, akaenda chooni, akarudi, akatafuta mkasi, akainuka tena. Wateja walimtania kwamba kiti chake kina miiba. Hawakujua kwamba tumbo ndilo lililomkimbiza. Chakula kiliingia na kutoka kama mgeni aliyekosea nyumba, naye akabaki macho na mifupa.

Alikuwa amepimwa ukimwi, hana. Alitibiwa taifodi, akatibiwa amiba, kisha taifodi tena, maana kwenye zahanati za mjini taifodi haikosi mtu wa kubebeshwa. Majirani nao, wasioamini kile kipimo cha ukimwi, walikuwa na jibu lao, wakalisema akishapita.

Mama yake, Mama Apondi, alilitaja jambo jingine: chira. Kwa Wajaluo, anayevunja mwiko wa ukoo hukonda mpaka akaisha, na dawa yake ni manyasi, mitishamba ya kunywa. Hivyo ndivyo alivyokwenda Bridgit, dada yake Selpha. Ilisemekana alipanda mahindi kabla ya mke mwenzake mkubwa. Akarudishwa kwa mama yake, akakonda, akazikwa bado analaumiwa. Selpha alimkumbuka kila alipojitazama kwenye kioo cha wateja, na aliogopa, aliogopa sana.

Rafiki yake Chepkorir wa Moiben alimshauri aache chapati aone. Akaacha, akapata nafuu, akaenda kumsimulia daktari wa matumbo kwa majivuno. Daktari Joyline akatikisa kichwa.

"Umenivurugia kipimo, Selpha. Kama shida ni ngano, ukiiacha damu haitaonyesha. Rudi uile kila siku, wiki kadhaa. Halafu tutapitisha kamera mdomoni mpaka kwa utumbo, tutoe vipande vidogo tuvipime."

"Daktari, si hiyo ni kuniua ndio ujue nilikuwa nakufa na nini?"

Lakini alikula. Mkate asubuhi, chapati jioni, na baina yake ni mbio za chooni. Mama Apondi akaja kutoka Siaya kumuuguza, chupa ya manyasi ikiwa kwenye kikapu.

"Nyathina, mtoto wangu, wachana na hiyo kamera. Kunywa hii. Bridgit alichelewa."

"Mama, hapana. Na kama si chira?"

"Kama si chira, ni nini imekukula hivi?"

Selpha aliinuka. Alizunguka chumbani, akafungua dirisha, akalifunga, akaikunja nguo aliyokwisha kuikunja. Siku nyingine aliichukua ile chupa, akainusa, akairudisha.

Siku ya majibu ya kamera mama alikataa kubaki nyumbani. Wakaketi wote wawili mbele ya daktari.

"Ndani ya utumbo kuna kama vinyweleo vinavyofyonza chakula," Daktari Joyline alieleza. "Vyako vimelala kama nyasi iliyokanyagwa na ng'ombe. Ni ngano, Selpha. Mwili wako unapigana nayo na utumbo ndio unaumia. Dawa ni kuiacha maisha yako yote, pamoja na shayiri. Ugali wa mahindi kula, viazi kula, lakini usisage unga kwa mashine inayosaga ngano. Vidonge nitakupa vya kurudisha damu. Utanenepa."

Selpha aliangua kicheko, akajipiga paja. Ngano! Miaka yote hiyo ya kusemwa, kumbe ngano! Furaha ilimjaa hata akasahau kuinuka.

"Jambo moja," daktari akasema. "Huu ugonjwa hutembea kwa familia. Kuna mwingine kwenu aliwahi kukonda hivi?"

Kicheko kikamkatika Selpha. Akamgeukia mama yake.

Mama Apondi alikuwa anaitazama sakafu.

"Alikuwako," akasema. "Waliponirudishia Bridgit, nilimkaangia mandazi kila asubuhi. Alikuwa hataki, Daktari. Nilikuwa namlazimisha, apate nguvu."