Mke Mwenzangu Mbele ya Polisi

Mjukuu wangu wa kike ana miaka kumi na nne, na tangu yuko kwenye nepi mimi namwita mke mwenzangu. Kwetu Tanga ndivyo tunavyotaniana, bibi na mjukuu mnamgombea babu. Babu mwenyewe alikufa huyu hajazaliwa, lakini ugomvi nikauendeleza peke yangu.

Basi huyo mke mwenzangu akaruka geti la treni bila kulipa, yeye na shoga yake. Polisi akamwandikia karatasi: aje na mkubwa wake wazungumze. Wakiona kwao kuna matunzo, yanaishia hapo. Wasipoona, mahakamani. Mama yake yuko kazini, anaogesha wazee wa watu. Nikajitanda mtandio wangu, tukapanda basi hapa Langley Park, ughaibuni tunakoishi, linasimama kila hatua kwa sababu ya hiyo reli wanayojenga haiishi. Nikamwambia mtoto, "Umenuna kama kitumbua hakijaumuka." Wala hakucheka. Nikamshika mkono, wa baridi.

Polisi mwenyewe mwanamke, bonge la mtu, sauti ya kifaranga: "Haaai, mamaaa!" Akaweka simu mezani, humo ndani mkalimani, kijana, Kiswahili chake kimepigwa pasi: "Shikamoo, mama. Afisa anauliza, huyu binti ni nani kwako?"

Na mimi mdomo wangu haujui ofisi. "Huyu? Si mke mwenzangu huyu! Mchokozi, anataka kunipora mume!"

Kijana akakohoa. Akatafsiri vilevile, neno kwa neno. Kalamu ya polisi ikasimama. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema kitu polepole, kile kifaranga kimekwenda wapi sijui. Simu ikasema: "Mama, afisa anauliza, huyo mume ana umri gani? Anaishi nyumba moja na binti?"

Hapo nikajua nimemharibia mtoto wa watu. Nikasema utani, baba, utani! Kadiri ninavyosema, ndivyo kijana anavyozidi kukohoa.

Ndipo mke mwenzangu, ambaye nikimwambia njoo ule hunijibu Kizungu, akaiinamia simu: "Kaka, sikiza. Bibi anacheza. Mume ni babu. Babu ilikufa. Mimi sikuona yeye. Bibi anasema hivi ili mimi nijue babu." Kisha akamgeukia polisi, akamweleza Kizungu mbiombio, machozi yanamtoka.

Siku nyingine hiyo "babu ilikufa" ningeicheka mwezi mzima. Siku ile nilimfuta machozi kwa mtandio wangu. Kumbe miaka yote hiyo ninavyoropoka jikoni, mwenzangu anasikia.

Polisi akacheka mpaka kiti kikalia. Akasema mahakama hakuna, Jumamosi mtoto akaokote taka bustanini. Nikauliza, na mimi naruhusiwa kwenda?

Simu ikashangaa: "Mama, kwani wewe umekosa nini?"

"Sijakosa kitu, mwanangu. Nataka nikamsikilize, asije akarudi kwenye Kizungu chake."