Kuku Aliyevaa Soksi Moja

Nakumbuka siku zile za Katonga, kando ya ziwa, mwanangu, na nikikusimulia utajua kwa nini yule mtoto wa hadithi yako uliyonipa nisome hajanigusa. Nilikuwa kijana, nimetoka shule juzi tu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri mno. Najisifu, lakini ndivyo ulivyokuwa. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wanashuka kwenye maboti kila siku, familia zimetawanyika, nami nikapewa kazi ya kuandika matangazo ya watoto waliopoteana na wazazi wao. Yalisomwa kwa kipaza sauti pale mwaloni, samaki wanaposhushwa.

Akaletwa binti wa miaka kama mitano, jina lake Kaneza. Siku hiyo pekee nilikuwa nimeshaandika Kaneza wawili wengine. Mama yake anaitwa nani? "Mama." Kwao wapi? "Kwetu." Mimi Muha, Kirundi kinaniingia bila mkalimani, kwa hiyo sikukosa hata neno. Alisema kuku wao amevaa soksi moja ya bluu. Alisema walipopanda boti mlima wa kwao uliwafuata, halafu ukachoka, ukakaa chini. Nikacheka. Nikaandika: mtoto wa kike, mwembamba, miaka mitano, kutoka Burundi, anatafuta wazazi. Kiswahili safi, hakina doa.

Lilisomwa siku tatu, hakuna aliyejitokeza. Siku ya tano malori yangewachukua watoto wasio na wenyewe kuwapeleka kambini, mbali na ziwa. Akishafika huko, mama yake angempata wapi?

Kaneza alikuwa analala kwa Bibi Zena, mama wa Ujiji aliyekuwa akianika dagaa pale mwaloni. Siku ya nne bibi akaja mezani kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu nisomee ulichomwandikia mjukuu wangu."

Nikasoma kwa madaha.

"Huyu ni mtoto gani? Hapa wamejaa wa hivyo. Umempangusa mpaka hana sura. Kuku yuko wapi?"

"Bibi, hayo ni mambo ya kitoto."

"Ehe! Na wewe unamtafutia nani mama, mtu mzima?"

Nikaona haya. Lakini zaidi ya haya, nikashikwa na hamu ya kujua. Nikachuchumaa mbele ya Kaneza, nikamuuliza soksi ya pili ya kuku iko wapi. Akanieleza taratibu, maana aliona nimechelewa kuelewa: kuku akilala husimama kwa mguu mmoja, ule mwingine anaufunika kwa manyoya, sasa soksi ya nini huko? Nikayaandika yote alivyoyasema, na mlima pia. Yakasomwa. Bibi akampa nakala nahodha wa boti la Mwamgongo, kijiji cha huko kaskazini, akasome na kule.

Kesho yake asubuhi, malori yameshawashwa, boti la Mwamgongo likafika, na mwanamke mmoja akaruka kabla halijafungwa, maji magotini. "Mwana wanje!" alikuwa analia, yaani mwanangu. Kaneza akamrukia shingoni. Mama alipotulia akatueleza kwamba kuku yule alimfunga kitambaa cha bluu mguuni asichanganyike na wa jirani, kama tunavyofanya sote. Kisha akaniambia, "Tangazo lako la kwanza nililisikia. Nilikuwa hapahapa. Nikasema huyo ni wa mtu mwingine, nikapanda boti nikamtafute kaskazini."

Hakunilaumu hata kidogo. Ndiyo maana inaniuma mpaka leo.

Basi, mwanangu, umeandika kwamba mtoto wako ana moyo safi usiojua ubaya. Hayo ni maneno yetu sisi watu wazima, na mtoto wa yeyote anaweza kuvikwa. Muulize anaona nini, na anadhani kile anachokiona kinafanya nini. Usimsahihishe. Usimpachikie vitu ishirini pia, maana hapo utakuwa unajionyesha wewe. Kimoja alichokiona yeye kweli kinatosha. Msomaji akishakiona, huo usafi wa moyo ataujua mwenyewe bila kuambiwa.

Mungu akupe subira ya kuchuchumaa mbele ya watoto, akubarikie kalamu yako, na akuepushe usije ukaandika mtoto ambaye mama yake mwenyewe atamsikia, kisha ampite.