Mtu wa Thelathini na Nne

Mtaani tulimwita Dada Orodha, jina ambalo mwenyewe hakulipenda. Alikuwa mhudumu wa afya, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha maziwa jikoni. Aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili, uchochoro wa mwisho kutoka baharini. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mzima wa kushoto ulilala, lakini ulimi ulibaki mkali kama zamani. Mtoto mwingine wa mama huyo alikuwa kinyozi, mwenye kibanda chake hapohapo mtaani. Dada Orodha ndiye aliyemlea, na hata alipoota mvi alikuwa bado anamtii.

Mwaka ule idara ya maafa ilitaka kila mtaa wa pwani uwe na mpango wa kuwahamisha watu kimbunga kikija. Mwenyekiti wetu aliisoma barua kikaoni, akaikunja, akamsukumia Dada Orodha.

"Wewe ndiye unayejua nani hawezi kutembea."

Miezi mitatu alipita mlango kwa mlango baada ya kutoka kazini. Hakuandika majina tu. Aliandika mlango upi haupitishi machela, nani anaishi kwa mtungi wa oksijeni, nani hasikii, kwa hiyo kumbishia hodi ni kupoteza muda. Mke wa fundi cherehani alidai ana kilo sitini. Dada Orodha alimtazama juu mpaka chini, akaandika: "Wabebaji wanne." Baba yangu, aliyekatwa miguu kwa ugonjwa wa sukari, alisema hatoki bila redio yake. Akaandika: "Na redio."

Wakawa watu thelathini na saba. Mabasi mawili ya shule ya msingi yangewapeleka kwenye shule ya sekondari iliyo kilimani. Likabaki swali la nani atangulie. Watu walimfuata hadi kazini, huyu anamtaja shangazi, yule mkwewe. Akaamua kufuata umbali: walio karibu na maji watangulie, awe nani awe nani. Kwa mpangilio huo, mama yake akaangukia namba thelathini na nne.

Kinyozi alipoiona karatasi imebandikwa ofisini, alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa dada yake.

"Dada, kalamu si ilikuwa mkononi mwako?"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini? Mama yuko kitandani mwaka wa nne, unamweka nyuma ya watu wenye mkongojo!"

"Nikimpandisha mama, kesho kila mtu atakuja kumpandisha wa kwake. Hiyo orodha itabaki ya kufungia sabuni."

Mama alikuwa anawasikia kutoka chumbani. "Niacheni na namba yangu," akapaza sauti. "Tangu nizaliwe sijawahi kupanga foleni ya basi nikiwa nimelala."

Wakacheka wote watatu.

Msimu huohuo redio ikatangaza alfajiri moja kwamba kimbunga kitatua kwetu jioni. Saa mbili asubuhi Dada Orodha alikuwa barabarani, amevaa koti la mvua, daftari ameliweka kwenye mfuko wa plastiki. Likaja basi moja. Akampigia mwenyekiti.

"Lile jingine limeharibika gia," mwenyekiti akasema, akakata.

Saa tatu nilikuwa na Dada Orodha, tunampandisha baba yangu basini, simu ya Dada ikalia. Alikuwa kinyozi. Amepata mkokoteni kwa muuza maji, ametandika godoro juu yake, na muuza maji mwenyewe amekubali kusukuma.

"Namtoa mama sasa hivi," alisema. Nilimsikia vizuri, maana alikuwa anapiga kelele kuushinda upepo.

"Usimtoe! Kilomita nne za mlima na mvua hii? Utamuua njiani. Basi linakuja."

"Saa ngapi?"

"Linakuja, nimekwambia. Kaa naye hapo."

Kinyozi akarudisha mkokoteni.

Basi moja likawa linafanya kazi ya mawili. Kila safari iliongeza muda: machela ilikwama, mtu alikataa kutoka, njia ilijaa watu waliobeba vyombo. Safari ya nne ilifika kilimani saa tisa alasiri, ikatimiza watu thelathini na mmoja. Dereva alipogeuza kurudi, maji yalikuwa yamevunja kalvati na askari wamefunga barabara. Dada Orodha alishuka akataka kupita kwa miguu. Dereva na askari wawili wakamshika.

Akampigia mdogo wake.

"Basi liko wapi?" kinyozi akauliza.

"Kalvati limekatika."

Kinyozi akasema, "Basi mwambie mama mwenyewe," akamwekea mama simu sikioni.

Hatujui mama alisema nini. Dereva anasema alimsikia Dada Orodha akiitikia tu, "Ndiyo mama, ndiyo mama," mpaka mtandao ukapotea.

Jua halijazama, maji yakaingia ndani. Kinyozi alimpandisha mama mezani, kisha juu ya kabati, mwisho akamweka mgongoni na kujishikiza kwenye nondo za dirisha. Alimwachia saa ngapi, hajawahi kusema. Kati ya sita walioachwa, wanne walikufa.

Mwezi uliofuata tuliitwa ukumbini. Ofisa kutoka idara ya maafa alisoma ripoti: zaidi ya asilimia themanini ya walengwa waliokolewa, mtaa wetu ni mfano wa kuigwa. Mwenyekiti alipigiwa makofi. Dada Orodha akasimama.

"Basi la pili halikuharibika gia. Saa nne asubuhi lilikuwa linapanda kilima, limebeba makochi, friji na familia ya mwenyekiti."

Tuliokuwa kilimani tuliliona lile basi. Mimi nililiona kwa macho yangu, na mlango wa friji ulikuwa umefungwa kwa kamba ya bluu. Baba yangu, mzima, alikuwa nyumbani ananisubiri. Sikusimama. Hakusimama mtu.

"Tumwelewe dada yetu," mwenyekiti akasema kwa upole. "Ana msiba."

Hapo kinyozi akainuka kutoka nyuma. Tukashusha pumzi, tukijua sasa dada yake amepata wa kumtetea.

"Friji ni la mwenyekiti na Mungu wake," akasema. "Mimi saa tatu asubuhi nilikuwa na mkokoteni mlangoni. Mwambieni huyo mwenye orodha na hilo aliandike."

Akatoka. Dada Orodha alibaki amesimama muda mrefu, kama mtu aliyesahau jinsi ya kukaa.

Mwenyekiti alichaguliwa tena. Barua ya idara ilikuja tena kabla ya msimu mwingine, na kazi akapewa Dada Orodha yuleyule, naye akaipokea. Nilimuuliza kwa nini.

"Mwingine ataandika majina tu," akanijibu, bila kunitazama.

Safari hii aliongeza safu moja: jirani gani atambeba mgonjwa kabla basi halijafika. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa, ASISUBIRI. Alipofika kwangu niliandikisha jina langu kwa watu wawili, akanishukuru kama mgeni.

Kwa kinyozi alifika mchana, nami nilikuwa kwenye kiti nanyolewa. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya ukumbini. Alisimama mlangoni.

"Bibi wa nyumba ya pili hapo nyuma yako hana mtu," akasema. "Nakuomba uwe mbebaji wake."

Mashine iliendelea kunguruma kichwani mwangu.

"Niandike," kinyozi akasema.

Akaandika. Akangoja kidogo, kalamu bado iko juu ya karatasi.

"Inamisha kichwa," kinyozi akaniambia.

Niliinamisha. Nilipoinua tena, mlangoni hapakuwa na mtu.